Jani la Shubiri

Msusi alikata jani la shubiri, akajipaka utomvu wake kwenye chuchu. Kesho asubuhi angeanza dawa kali za saratani ya titi, na daktari alikuwa amemkataza kunyonyesha.

"Usimwonee mtoto huruma," alisema mama mkwe wake, kikombe cha maziwa ya kopo mkononi. "Akionja mara moja tu, atalisusa titi mwenyewe."

Kliniki walikuwa wamemwambia kunyonyesha humkinga mtoto na maradhi, na humpunguzia mama hatari ya ugonjwa huu huu. Kupunguza si kuondoa. Miezi saba alinyonyesha kama mtu aliyeweka nadhiri.

Mtoto akalidaka titi. Akakunja uso, mwili mzima ukamsisimka, akaliachia.

"Umeona?" mama mkwe akanong'ona, akisogeza kikombe.

Mtoto akamtazama mama yake usoni. Kisha akaweka kiganja chake juu ya titi kama alivyozoea, akafumba macho, akaufyonza uchungu wote mpaka akayafikia maziwa.

Mama mkwe akakiweka kikombe chini, akageukia ukutani.

"Mama," msusi alisema, "nikatie jani jingine."