Plagi za Gari la Posa

"Ejok, mama. Plagi za pikipiki?" Losike, muuza spea wa Lodwar, alisalimu kwa Kiturkana na kuuliza.

"Za gari. Injini ya rota, ile isiyo na pistoni," Athieng akajibu.

Losike akainua macho. "Nani amelileta gari hilo Turkana?"

"Yak, mfanyabiashara. Anamposa binti yangu, Nyabol. Anasema ng'ombe ni mambo ya kizamani."

Gari lilikuwa jekundu, tumbo likikwaruza kila jiwe la Kakuma. Zawadi ya busara kabisa kwa familia ya kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya lugga, ule mto mkavu wa mchanga. Bol, mumewe Athieng, alilipenda hata kabla halijawaka. Lakini Bol si mjinga. Alitamka mbele ya wazee: Jumamosi gari likimfikisha yeye mwenyewe Lodwar, Nyabol ataolewa, likishindwa, Yak alichukue gari lake pamoja na posa yake.

Nyabol hakuulizwa. Alikuwa na mtihani wa hisabati, kidato cha pili.

Injini ilikohoa, ikagoma. Wanaume wakakubaliana kwamba plagi zimekufa, wakamtuma Athieng, maana wao walikuwa na kazi nzito ya kulitazama gari.

Losike akapangusa vumbi kwenye vijiboksi vilivyolala rafuni tangu dereva mmoja wa mbio aviagize asirudi.

"Injini hiyo ina rota mbili, na kila rota ina plagi mbili. Ya chini huwasha kwanza, ya juu humalizia. Usizichanganye. Na kwa joto letu, chukua hizi zinazopoa haraka."

Athieng aliandika kila neno. Akauliza alama ya ile ya chini. Akauliza tena. Wateja wawili wakacheka: mama anafungua gereji!

"Na hii?" Akainua plagi nyingine, ndefu kidogo.

"Rudisha hiyo! Inaingia vizuri tu, fundi wako hata hatashtuka. Lakini ukipiga stata, rota inaigonga. Injini kwisha."

"Si itatengenezwa?"

"Na nani? Hapa hakuna. Hata Nairobi watakwambia nunua nyingine."

"Kabla ya Jumamosi?"

Losike akacheka. "Mama, hata kabla ya Krismasi haiwezekani." Akaanza kuzifunga zile fupi kwenye gazeti.

Athieng akamshika mkono.

"Hizo acha," alisema. "Nifungie nne ndefu."