Mlio Uliofutwa Jumanne

Siku hizo, aliyetunga wimbo nyumbani alilazimika kuupeleka kwanza kwa mkosoaji asiyemjua, na mkosoaji alilazimika kusema kweli. Nyamizi, mshona nguo wa Tabora, hakuona ubaya. Alitunga muziki wa milio ya michezo ya kompyuta za zamani, ambao majirani waliuita kelele, na wakosoaji walikuwa wamemfunza mengi.

Safari hii maoni yalisema: "Besi imezidi. Na urudishe ule mlio mwembamba ulioufuta Jumanne. Ndio moyo wa wimbo."

Nyamizi aliingiwa na baridi. Mlio ule aliufuta kabla ya kuutuma wimbo, tena akiwa amevaa spika za masikioni. Nyumbani alikuwapo mumewe tu, Maganga.

"Baba Sizya, umemwambia nani habari za wimbo wangu?"

"Mimi? Hizo tii-tii zako hata sizitofautishi."

"Apa."

"Haki ya Mungu, mke wangu."

Hakumwamini. Siku mbili alimpakulia chakula bila kumtazama usoni. Hata hivyo aliurudisha ule mlio, akapunguza besi, na wimbo ukapata uhai ambao hakuwahi kuusikia katika kazi zake. Akautuma tena.

Jibu lilimkuta akiosha vyombo. "Hongera, sasa wimbo umekamilika. Na mumeo mtazame usoni anapokula. Hakusema kitu."

Nyamizi alizima simu, akafunga dirisha, akasimama katikati ya jiko.

"Kuna nini, Mama Sizya?" Maganga aliuliza kutoka mlangoni.

Alimwendea upesi, akamziba mdomo kwa kiganja chenye povu.