Cheka, Baba Parti

"Cheka."

"Hata chai sijanywa, Mama Parti."

"Cheka nikuone mdomo."

Mzee Wagiyo akakenua meno. Kisha akanyanyua mikono yote miwili kama mwizi aliyekamatwa. Mkewe, Tumirah, alikuwa bado akimkagua kikombe kilipomponyoka yeye mwenyewe, chai ikamwagika. Hapo mzee akacheka bila kuambiwa.

Ndivyo kulivyokucha nyumbani kwao tangu sikio la kushoto la mzee lilipokufa ghafla. Yeye alilaumu nyundo, maana alikuwa mhunzi, mfua patu za shaba zinazolia kwenye harusi za mji wa Solo. Muuguzi wa kliniki ya wazee alikataa.

"Nyundo ingeyachosha masikio yote mawili, babu. Likizima moja peke yake, huenda ni mishipa ya damu. Leo sikio, kesho kiharusi. Bibi, mwangalie mdomo, mikono na kauli. Chumvi apunguze. Na wewe kaa hapa nikupime presha."

"Mimi mzima, mwanangu. Mgonjwa ni huyu."

Tangu siku hiyo Tumirah hakumwacha mumewe. Alikaa kulia kwake, upande unaosikia, apate kumkaripia vizuri. Kila samaki wa chumvi aliyetua kwenye sahani ya mzee alimnyakua, na kwa kuwa chakula hakitupwi, akamla mwenyewe.

"Utanitia kaburini kwa njaa," mzee alilalama.

"Thubutu kutangulia, nitakufuata huko huko na mwiko."

Siku hiyo walikuwa wawili tu karakanani. Mzee alikuwa akisaka sauti ya upatu mpya: anagonga, anainamisha sikio zima, anagonga tena. Tumirah akanusa. Samaki! Akanyata, akapita nyuma ya mzee. Kumbe amefichwa kushoto, ndani ya jani la mgomba, upande ambao yeye hakai kamwe.

Akainama kumchukua.

Upatu ukalia sawasawa. Mzee akatabasamu, macho yakiwa bado kwenye shaba.

"Najua umeshamnusa," alisema bila kugeuka. "Usianze kelele. Haya, nimecheka. Mikono hii hapa, yote miwili!"

Akangoja kukaripiwa. Kimya.

"Leo umeridhika mapema," akasema, akaokota nyundo.

Kushoto kwake, sakafuni, Tumirah alimwita tena kwa nusu ya mdomo. Kisha akanyanyua mikono, kama alivyomfundisha mumewe.

Ulinyanyuka mmoja.