Bi Nandenga Amefika Kwanza

Shamsia alikuwa ameshika dadu mkononi, hajazirusha bado, Bi Nandenga akawa ameshautoboa mtumbwi na kuwarudisha wote kijijini.

Ilikuwa Jumamosi ya tatu mfululizo.

Bi Nandenga mwenyewe hakuwepo pale barazani Chiwata. Hakuwepo popote, alikuwa mtu wa kwenye mchezo. Khalfan, kijana wa Chiungutwa aliyejifunza mchezo huo chuoni, ndiye aliyekuwa akisimulia: hapa kuna pori, hapa kuna mto, je, mnafanyaje? Shamsia, Grace na Faridi, kila mmoja alikuwa na mtu wake ndani ya hadithi. Unasema mtu wako anafanya nini, unarusha dadu, unajua kama ameweza. Watu wa hadithini wasio na mchezaji aliwasemea Khalfan. Zamani walikuwa wapita njia tu, muuza chumvi, mlinzi wa kivuko. Mpaka alipoingia huyu bibi.

Bi Nandenga alijua kila njia. Simba akitokea, bibi kamuua. Ukipotea, bibi yuko mbele anakungoja. Wachezaji walibaki kumtazama.

"Huyu tumpe udiwani," alisema Faridi, akiokota kipande cha muhogo. "Sisi tumekuja kula tu."

Mihogo ilikuwa ya Mama Shamsia. Baraza ni lake, mkeka wake, na kila Jumamosi sinia la mihogo ya kukaanga. Wazazi wengine walisema penye dadu pana kamari. Yeye alisema afadhali wacheze pale anapowaona.

Shamsia hakucheka. Alikuwa na jambo lake na ule mto. Ana miaka ishirini, na hajawahi kuamua kitu kikubwa kuliko rangi ya kanga. Dada yake aliolewa Songea, nyumbani kabaki yeye na mama. Kabatini, chini ya nguo, aliificha fomu ya chuo cha uuguzi Dodoma, na siku ya mwisho ya kuipeleka ilikuwa mwisho wa mwezi. Alijiwekea nadhiri: siku mtu wake atakapovuka mto kwa akili yake mwenyewe, siku hiyohiyo atamwambia mama kwamba anaondoka. Alijua ni utoto. Lakini moyo nao unataka mazoezi.

Siri hiyo aliijua Grace peke yake. Walizungumza uani wakitwanga, kila Jumatano, mama akiwa amejilaza chumbani, dirisha wazi, na kichwa chake kinachomsumbua. Hapo ndipo walipopangia kila kitu. Wiki ya kwanza, daraja la kamba. Ya pili, wapite kivukoni wamejifunika kama wafiwa. Ya tatu, mtumbwi wa kuchonga wenyewe na kuuficha kwenye matete. Na kila Jumamosi wakifika, bibi keshafika.

Jumamosi hiyo ya tatu Shamsia alimfuata Khalfan alipokuwa anawasha pikipiki. Alimwomba amtoe yule bibi, ampe hata homa, amsafirishe, lolote. Khalfan akawa anafuta kioo cha pikipiki ambacho hakikuwa na vumbi.

"Si rahisi hivyo, dada."

"Si wewe unayemsemea?"

Khalfan akapanda pikipiki.

"Na habari za mtumbwi umeambiwa na nani? Maana hata sikuwa nimetamka."

Khalfan akasema giza litamkuta njiani, akaondoka. Jua lilikuwa bado juu ya mikorosho.

Kesho yake Shamsia alimkuta Grace bombani. Hakumsalimu.

"Tuliojua tulikuwa wawili, Grace. Mmoja ni mimi."

Grace alitua ndoo. Alimtazama kwanza, kama mtu anayengoja mwenzake aseme kwamba ni utani. "Tangu darasa la kwanza," akasema. "Leo nikuuze kwa bibi wa kutungwa?"

"Basi nitajie mwingine."

Grace alijitwika ndoo yake, maji yakamwagikia begani, asiyafute. Jumatano ile hakuonekana uani. Shamsia alitwanga peke yake, mchi mmoja, na mlio wa kinu ulimfanya aache kazi katikati.

Ijumaa alasiri mama alikuwa ukumbini anachekecha unga wa mihogo. Shamsia akakaa miguuni pake, akamwambia yote. Kwamba Grace kamsaliti. Kwamba mchezo basi, kesho atalala tu. Na kwamba ile fomu kaichana asubuhi, kaitupa jikoni ikaungua, maana mtu asiyeweza kuvuka hata mto wa maneno atafika wapi.

Mama hakuuliza ni fomu gani. Aliweka chekeche chini, akakilaza kichwa cha binti yake mapajani, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Marafiki ndivyo walivyo, mwanangu. Leo wako, kesho wamekuuza. Mama ni mmoja."

Shamsia akalia mpaka kanga ya mama ikalowa. Alipomaliza alijisikia mwepesi. Angalau alikuwa na mahali pamoja pa kusemea.

Simu ya mama ikalia kwenye kigoda, mlio wa ujumbe. Mama akainua mikono, yote miwili myeupe kwa unga.

"Hebu nisomee. Itakuwa salfa ya kupulizia mikorosho imefika chama cha ushirika."

Shamsia akafuta macho kwa kiganja, akafungua simu, akasoma kwa sauti:

"Shikamoo Mama Shamsia. Kesho akifika tena mtoni, Bi Nandenga amwambie nini?"