Gari Limeshuka

Siku hizi gari la nyumba iliyofiwa hujishusha lenyewe mpaka tumbo likaribie lami, ili mengine barabarani yalipishe. Lake lilipoinama kwenye taa za barabarani, Nyamizi, aliyekuwa akirudi kutoka kazini na miguu imemvimba, alibonyeza kitufe cha kulinyanyua. Likagoma. Akabonyeza tena. Magari yakaanza kumpisha, naye akakata kona kuingia gereji ya Lugendo, tumbo la gari likikwaruzwa na kila tuta.

“Springi zimechoka,” alimwambia. “Kama mimi.”

Lugendo akachungulia uvunguni, akainuka, akavua kofia.

“Springi ni nzima, dada. Umepiga simu nyumbani?”

“Nimepiga. Wifi kasema niendeshe taratibu tu.”

Mtu aliye njiani haambiwi msiba kwa simu, hilo halijabadilika.

Nyamizi akaegemea mlango, akafumba macho kidogo.

“Basi lipandishe kwa mkono, fundi, lirudi kimo chake cha kila siku. Mume wangu anaumwa, na kitanda chake kiko dirishani. Asinione naingia hivi.”

Lugendo akachukua spana, akalipandisha polepole kuliko kazi ilivyotaka.