Jibwa la Getini kwa Beberu

Hivi wewe, geti lako ungemkabidhi mlinzi asiyekujua hata kwa harufu? Beberu, mwenyekiti wa kamati ya zizi, alithubutu. Alileta kitoto cha jibwa la ulinzi, akakifungia bandani hadi kikafikia kimo cha ndama, eti kisizoee mtu, kiwe kikali.

"Mwenyekiti, litatujuaje?" aliuliza Mashavu, mbuzi mwenye mwana mmoja.

"Tulia, mama! Hii ni sekyuriti ya kisasa."

Siku jibwa lilipofunguliwa likae getini, fisi aliwafukuza mbuzi kutoka malishoni. Mashavu alifika getini na mwanawe, jibwa likawazibia njia.

"Tupishe, sisi ndio wenyeji!"

"Wenyeji gani? Hamjawahi hata kunipa salamu. Nimeagizwa asipite nisiyemjua."

Nyuma yao fisi akacheka, "Ahsante, afande!" Akamnyakua mwana.

Beberu, aliyekuwa salama ndani, akasema jibwa lile ni jinga, ataleta kubwa zaidi.

"Jinga?" Mashavu alifoka huku akilia. "Limefanya ulilolituma! Wewe na kamati yako, jitokezeni hapa mbele mtuambie nani atalilea hilo lingine pamoja na watoto wetu tangu likiwa dogo. Kama hayupo, achia hicho kiti leo!"