Nukta Katika Chumba cha Vyungu

Nukta nyekundu iliganda juu ya chungu kikubwa, kama nilivyomwelekeza mdogo wangu jana jikoni.

Miwani aliyovaa hufuata macho. Kwenye kompyuta ya mtafiti huonekana anachokiona mgeni, na nukta huonyesha jicho lilipo. Utafiti ukionyesha kwamba chumba cha makumbusho hakitazamwi, kitafungwa, na mimi mhudumu wake nitaachishwa kazi. Ndiyo maana mdogo wangu alikuja akijifanya mgeni.

"Huyu kapenda vyungu kwelikweli," mtafiti alisema. "Dakika tatu nzima! Wenzake hupita kama wanakimbia mvua."

Nilicheka. Asubuhi nilipiga magoti nikaomba mpango wetu ufanikiwe, kana kwamba Mungu naye ni mshirika katika uongo.

Ghafla uso wangu ukatokea kwenye kompyuta, na nukta juu yake. Ikarudi kwenye chungu. Ikanijia tena.

Tangu utotoni mdogo wangu hafanyi jambo bila kunitazama, ajue kama amepatia.

"Dada," mtafiti aliuliza polepole, "mbona anakutazama wewe? Mnajuana?"

Nilikitazama chungu. Miaka tisa nimekipangusa vumbi. Ufa wake naujua kwa kidole. Neno "hapana" lilikuwa tayari ulimini.

Nukta ikatua juu ya midomo yangu, ikatulia hapo, ikingoja.

"Kaka," nilimwambia mtafiti, "mwambie mdogo wangu avue hiyo miwani."